Kipimo kilisema hana mafua, sasa bibi amefariki. Ni kosa langu?

SWALI

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu lisitajwe. Mi ni nesi, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, huu mwaka wa nne, na kazi naipenda kweli kutoka moyoni, ila wiki tatu hizi silali. Nikifumba macho naona kile kikadi cheupe cha kipimo na mstari wake mmoja.

Ilikua hivi. Pale kwetu kuna mzee ntamwita Babu tu, ana miaka 84, kumbukumbu imeanza kumpotea lakini mcheshi sana, kila jioni lazima acheze karata na mabibi wawili wa vyumba vya jirani na ukichelewa kumpeleka ukumbini anakugombeza. Usiku ule nilikua zamu ya usiku, mimi na msaidizi mmoja kwa wazee 32. Kwenye saa 10 usiku nikamkuta Babu hayuko sawa, ananiita kwa jina la marehemu mke wake, kitu ambacho hajawahi kunifanyia, alafu akajaribu kushuka kitandani akapepesuka nusu aanguke. Kikohozi kidogo tu kikavu. Nikampima joto, 37.4. Homa hamna, lakini moyo ukanambia huyu mzee anaumwa.

Tulikua tumeletewa vipimo vya haraka, vile vya kuingiza kijiti puani alafu unadondosha matone kwenye kikadi unasubiri mistari, vinapima mafua na korona kwa pamoja. Mafunzo tulipewa ya juu juu siku moja wakati wa kukabidhiana zamu, kila mtu anawahi kwao. Nikachukua kimoja nikampima saa 11 alfajiri. Babu hataki kabisa, anageuza kichwa, ananisukuma mkono, nikaambulia pua moja tu tena kwa kuibia. Nikadondosha matone nikakiweka juu ya kabati, hapo hapo kengele ya chumba kingine ikalia nikakimbia, niliporudi zilikua zimepita kama dakika 7 hivi, nikaangalia, mstari mmoja. Nikaandika kwenye faili "kipimo hasi", nikatupa, nikaendelea maana asubuhi pale kwetu ni vurugu tupu. Saa 2 asubuhi Babu akavalishwa akapelekwa ukumbini kukaa na wenzake kama kawaida. Hakuna aliyeuliza kitu, si imeshaandikwa hasi.

Siku ya tatu yake Babu homa 38.9, na mmoja wa wale mabibi wa karata anatetemeka kitandani. Wakapimwa wote wawili, mistari miwili, mafua. Ndani ya siku sita walikua wazee tisa na wafanyakazi watatu. Wazee wawili walilazwa hospitali, na yule bibi hakurudi Anti. Amefariki. Mimi ndo nilikua namchana nywele kila nikiingia zamu.

Wenzangu wananinong'onea kwamba mimi ndo nilimwachia Babu aende ukumbini. Bosi naye kakasirika kwa upande mwingine kabisa, anasema hivi vipimo ni vya uongo, vinatuletea balaa, kavifungia kwenye droo yake na ufunguo anao yeye, kuanzia sasa mzee akikohoa tusubiri daktari aagize, sampuli iende maabara ya nje, majibu yanarudi baada ya siku tatu. Anasema tena tukipima pima ovyo tutafungiwa nyumba nzima. Na kuna mjukuu wa yule bibi, juzi amekuja kuchukua vitu vyake, akanishika mkono akaniuliza kwa upole tu, "Dada, hivi bibi aliyapata wapi haya mafua?" Nikashindwa kumjibu, nikasema sijui nikaingia chooni kulia.

Kitu kingine nikisema sijui kama kina maana, kuna mwenzetu wa zamu ya mchana wiki ile nzima alikua anapiga chafya, akawa anasema ni vumbi. Na Babu hajatoka nje ya geti miezi miwili, wala hakua na mgeni.

Nisaidie Anti. Ni mimi nimemuua yule bibi? Hivi vipimo ni vya kutupa kama bosi anavyosema? Na yule mjukuu nimwambie nini?

Nesi asiyelala

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole. Pole kwa bibi, na pole kwa hizo wiki tatu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kabla ya kuanza safu hii nimevaa gauni jeupe miaka mingi na wazee nimewauguza sana, kwaiyo hapa naongea na wewe kama nesi kwa nesi, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nianze na kitu ambacho nadhani hakuna mtu amekwambia mpaka leo. Ulimwona Babu. Saa 10 ya usiku, joto 37.4, kikohozi cha kubahatisha, nesi mwingine angemfunika shuka akapita. Wewe ukaona ameniita jina silo, ameyumba, huyu si yule wa jana. Na hivyo ndivyo mafua yanavyoingia kwa mzee, kinga ya mwili ikishachoka homa haipandi kama ya kijana, unachokiona kwanza ni kuchanganyikiwa, kuanguka, kukataa kula, kulala sana. Ndo maana kwa wazee wanaoishi kwenye makao hatusubiri 38, joto la mdomoni la 37.8 mara moja tu linatosha kuwa homa, au likipanda nyuzi 1.1 juu ya lile alilolizoea yeye mwenyewe. Babu wako kama kawaida yake ni 36.2, basi ile 37.4 yako ilikua homa tayari! Umeangalia faili lake joto lake la kawaida ni ngapi? Liangalie, na uwaandikie wazee wote 32.

Sasa kile kipimo. Umeniandikia mambo mawili bila mtu kukuuliza, pua moja kwa kuibia na dakika 7. Nadhani umeyaandika kwa sababu ndo yanayokukesheza. Ukweli ni kwamba vikadi vingi vya aina hiyo vinasomwa dakika 15, vingine 10, karatasi ya ndani ya boksi ndo inasema, na ukisoma kabla ya muda mstari hafifu unakua bado haujajitokeza, ukisoma baada ya lisaa unaweza kuona kivuli ambacho sio jibu. Kijiti nacho kinataka kiingie kama sentimita 2, kizungushwe taratibu kikigusa ukuta wa pua, sekunde kama 15, alafu pua ya pili kwa kijiti kile kile. Kwaiyo ndiyo, kinaweza kuwa kilikosea kwa sababu ya haraka. Hilo nalisema wazi.

Lakini sikiliza na upande wa pili maana ndo mkubwa kuliko. Hata ungekaa na saa mkononi, pua zote mbili, dakika 15 kamili bila kengele yoyote, bado kingeweza kusema hana. Vile vikadi vinatafuta protini ya kirusi, antijeni, na vinahitaji kirusi kiwe kingi pale puani. Kwa mafua, watu 100 wanaoumwa kweli, vikadi vya antijeni vinawakamata kama 50 mpaka 70, waliobaki wote wanaandikiwa hasi na mafua wanayo. Kwa korona, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane yaliyotoka 2022 yalikuta vinakamata kama 73 kati ya 100 wenye dalili, na kama 55 tu kati ya 100 wasio na dalili. RSV ndo usiseme, ni kirusi kinachoua wazee kimya kimya, na mtu mzima anakua nacho kidogo puani kuliko mtoto, kwaiyo kikadi cha antijeni kwa mzee kinakikosa mara nyingi mno. Halafu Babu ulimpima saa chache tu tangu aanze kubadilika, kirusi kilikua ndo kwanza kinazaliana.

Unaona ninapoelekea? Kipimo hakikudanganya. Kilisema "kwenye huu ute, saa hizi, sijaona kitu". Nyumba yenu ndo ilikisoma kama "mpelekeni ukumbini". Na hayo maneno mawili uliyoandika kwenye faili yakageuka ruhusa, saa 2 asubuhi mtu wa zamu nyingine akamvalisha mzee anayekohoa na kuchanganyikiwa akamsukuma mpaka kwenye meza ya watu wengine, kwa sababu karatasi imesema hasi. Huyo aliyemvalisha hakukisikia kile kikohozi? Nesi wa mchana hakuyasikia makabidhiano? Mimi silaumu mtu, nasema tu hilo si kosa la mtu mmoja mwenye wazee 32 na kengele inayolia.

Kilichotakiwa kufanyika ni kitu kidogo sana tena hakina gharama. Mzee ana dalili, kipimo kimesema hasi, anabaki chumbani kwake, mlango umefungwa, anayeingia anavaa barakoa, anapimwa tena. Kwa korona mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2022 inasema mwenye dalili akipata hasi arudie baada ya saa 48, na asiye na dalili apime mara tatu kwa kuachanisha saa 48. Kwa mafua kwenye nyumba ya wazee ukipata hasi ya kikadi na dalili zipo, unatuma sampuli ikapimwe kwa njia ya molekuli, ile inayozalisha nakala za vinasaba vya kirusi mpaka hata kidogo kionekane, kama PCR. Tena siku hizi kuna mashine ndogo za molekuli za kuweka mezani hapo hapo kwenye nyumba, majibu dakika 15 mpaka 30 kutegemea mashine, na zinakamata kama 90 mpaka 95 kati ya 100 wenye mafua. Ni ghali kuliko kikadi, hilo najua. Ila kama bosi wako ana hela ya kutumia, aitumie hapo.

Na sasa hili swali lako zito, ni mimi nimemuua? Twende na kalenda mwanangu, chukua karatasi. Mafua yanachukua siku 1 mpaka 4 tangu mtu aambukizwe mpaka aumwe, mara nyingi siku 2. Na mwenye mafua anaanza kuambukiza wengine kama siku moja kabla hata hajajisikia vibaya. Babu alianza kubadilika alfajiri. Jioni yake, masaa machache tu kabla, alikua wapi? Alikua ukumbini na karata mkononi, wewe mwenyewe umesema kila jioni lazima. Bibi ameugua siku ya tatu. Kwaiyo inawezekana kabisa aliyapata ile jioni, kabla wewe hujagusa boksi la vipimo. Inawezekana aliyapata asubuhi ile ukumbini. Inawezekana pia hakuyapata kwa Babu hata kidogo, wote wawili waliyapata mahali pamoja, maana Babu hajatoka getini miezi miwili na mgeni hakua naye, basi virusi vimemfuata ndani kwa miguu ya mtu. Hakuna binadamu anayeweza kukwambia ni ipi kati ya hizo. Wewe umeichagua ile inayokuumiza zaidi ukaifanya ndo ukweli.

Nikifika hapa siwezi kuacha kumsema yule wa chafya. Sio kwa ubaya. Mtu anayelipwa siku aliyofanya kazi tu, akikaa nyumbani watoto hawali, atasema vumbi. Mimi nimeshafanya kazi na watu wa namna hiyo, wazuri kabisa, wanawapenda wazee, na walikua wanameza dawa za kushusha homa getini ndo wanaingia. Nyumba ya wazee inayotaka kuwalinda wazee inaanza kwa mfanyakazi, mwenye dalili za mafua apimwe mlangoni kabla ya kuingia zamu, na akikutwa nayo aende kulala kwake huku akijua mshahara wake upo na hatopoteza kibarua. Bila hilo la pili, hilo la kwanza ni bure, watu wataficha. Mwaka 2020 korona ilipoingia kwenye nyumba za wazee za jimbo la Washington kule Marekani, moja wapo walipopima wakazi wake, wazee 48 walikutwa nayo na 27 kati yao siku ile ya kupimwa hawakua na dalili yoyote. Zaidi ya nusu! Wanakula, wanaongea. Macho peke yake hayatoshi kwenye hizi nyumba, na ndo maana nakataa maneno ya bosi wako kwamba vipimo ni vya kutupa.

Tuje kwake basi, na hapa nataka uwe na namba mkononi.

Namba ya kwanza ni 48. Dawa ya mafua, oseltamiviri, wengi wanaijua kwa jina la Tamiflu, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Yeye anataka msubiri maabara siku tatu. Siku tatu ni saa 72! Majibu yanarudi dirisha limeshafungwa, na hapo bado hujahesabu muda wa kumsubiri daktari aagize. Mzee aliyezidiwa anapewa hata kama amechelewa, lakini kwa nini achelewe. Tena mwambie hivi, mzee mwenye dalili msimu wa mafua anaanzishiwa dawa bila kusubiri kipimo chochote, na kikadi kikisema hasi hakimwondolei dawa. Daktari aangalie figo tu maana dozi inapunguzwa kwa figo zilizochoka, na wazee wengi figo zao ndo hizo. Kwa korona vidonge vya Paxlovid vinaanza ndani ya siku 5, ila vinagombana na dawa nyingi za moyo na za kuzuia damu kuganda, kwaiyo orodha ya dawa za kila mzee iwe imeshapitiwa mapema, sio ile asubuhi ya mistari miwili ndo mnaanza kutafuta faili.

Namba ya pili ni 2. Wazee wawili wakiugua ndani ya saa 72 na mmoja wao mafua yamethibitishwa, huo ni mlipuko, na wakati huo wenzao wasioumwa wanapewa oseltamiviri ya kuwakinga, dozi moja kwa siku, kwa muda usiopungua wiki mbili na mpaka ipite kama wiki tangu mgonjwa wa mwisho apatikane. Nyumba yenu ilifanya hilo ile siku Babu na bibi walipokutwa wote wawili? Hukuniandikia. Kama haikufanyika, basi kwenye wazee tisa hapo kuna la kuongea kuliko dakika zako 7.

Namba ya tatu ndo ntakayoiweka mbele ya bosi ningekua mimi. Watafiti wa jimbo la Wisconsin kule Marekani walichukua nyumba 20 za wazee, wakazigawa kwa bahati nasibu, wakazifuata misimu mitatu ya mafua. Nusu ziliendelea na mambo yao, nusu nyingine manesi waliruhusiwa kupima wenyewe hapo hapo kwa kipimo cha haraka mara tu waonapo dalili hata ndogo, bila kusubiri amri ya daktari kwa kila mzee. Zile zilizopima, safari za kukimbizwa emajensi zilipungua kwa 22%, kulazwa hospitali kukapungua 21%, na siku za kukaa wodini zikapungua 36%. Vifo havikuonyesha tofauti ya wazi, hilo usimfiche, mwambie yote. Lakini mzee mwenye kumbukumbu zinazopotea kutolewa kitandani kwake usiku, taa, ving'ora, sura ngeni, anayejua wazee anajua wanarudi wakiwa sio wale. Hizo safari zikipungua ni jambo kubwa. Na kumbuka walitumia vipimo vya haraka, vyenye mapungufu yale yale niliyokwambia. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kupima, lini, na nini kinafuata.

Hofu yake ya kufungiwa nyumba naielewa, naomba na wewe uielewe, maana ukimwendea kwa hasira atakaza ile droo. Mwambie ni kinyume. Ukijua mapema ni nani, unamtenga huyo na wenzake wa meza moja. Usipojua, ndo unaishia kufungia kila mtu chumbani kwake wiki nzima, na tuliona 2020 upweke ulivyowafanya wazee, waliacha kula, waliacha kutembea. Faida nyingine ni kupunguza viuavijasumu, yaani antibiotiki, mzee akikohoa tu kwenye nyumba nyingi anapewa, na kwa virusi havisaidii kitu ila kumharisha.

Upande wake ana hoja moja ya kweli nayo mpe. Kupima ovyo kuna ubaya. Tuseme mnapima watu 1000 wasio na dalili yoyote wakati mafua hayapo mtaani, wenye mafua kweli wapo 2 tu, na kipimo kinakosea kwa watu 2 kila 100 wazima. Utapata karibu mistari miwili 20 ya uongo kwa wale 2 wa kweli. Hapo unawafungia wazee wazima bure. Kwaiyo chanya isiyoeleweka, asiye na dalili, nje ya msimu, ihakikishwe kwa molekuli kabla ya kuhamisha watu vyumba. Ila msimu ukiwa umepamba moto na mzee anakohoa, mistari miwili iamini, kazi ianze.

Usimwendee kumwomba akurudishie ufunguo. Mwombe karatasi ya ukurasa mmoja ambayo daktari wa nyumba anaisaini, kwamba nesi akiona dalili hizi na hizi anapima mwenyewe saa yoyote, hasi na dalili mgonjwa anabaki chumbani na sampuli inaenda molekuli, chanya daktari anapigiwa simu muda ule ule hata kama ni saa 11 alfajiri. Muulize pia kama nyumba ina kibali cha kupima, maana nchi nyingi zinataka kibali hata kwa hivi vikadi vidogo, Marekani kwa mfano bila cheti cha CLIA huruhusiwi. Na mafunzo yarudiwe, kila mtu apime mwenzake mbele ya anayejua, na kila kikadi kiwe na saa ya kuhesabia pembeni yake, ile ya jikoni inayolia inatosha. Juu ya kikadi kwa kalamu, chumba namba ngapi na saa ya kukisoma. Kengele ya chumba kingine ikilia unakimbia, na ukirudi kikadi chenyewe kinakwambia bado dakika 8. Boksi nalo msiliache penye baridi kali au joto kali, vingi vinataka kati ya nyuzi 2 na 30, na mstari wa C, ule unaoonyesha kipimo chenyewe kimefanya kazi, usipotokea hicho kikadi ni takataka, usikisome.

Kwa Babu na wenzake wanaogeuza kichwa, usishindane nao. Kaa chini, macho yako yawe chini ya macho yake, mwonyeshe kijiti, mwache akishike hata, alafu mkono wako wa kushoto ushike wa kwake na mwambie unataka kumsafisha pua kidogo na itamtekenya. Wengine wanakubali ukiwaimbia. Akikataa kabisa, acha, mhesabu kuwa anayo, mweke chumbani, jaribu baada ya nusu saa. Mzee aliyekataa kupimwa na ana dalili ni salama zaidi kuliko mzee aliyepimwa kwa kuibia akaandikiwa hasi.

Chanjo sitaikalia sana maana unaijua, ya mafua kila mwaka kwa wazee na kwenu wafanyakazi wote, na tangu 2023 ipo ya RSV kwa wazee, muulize daktari kama imefika kwenu.

Yule mjukuu. Hili limeniuma kuliko yote. Amekushika mkono kwa upole, kwaiyo hakuja kugombana, amekuja kutafuta kisa cha bibi yake kiishe vizuri kichwani. Usimkimbie. Lakini pia usiende peke yako uani ukamwambia "ni mimi", kwa sababu hiyo siyo kweli, na utamwachia mzigo ambao hata wewe huujui ukubwa wake. Mwendee msimamizi wenu, mwambie familia imeuliza na ina haki ya kujibiwa, mkae wote watatu. Mwambie mafua yaliingia ndani na hatujui yaliingia kwa nani. Mwambie mzee aliyekua anacheza karata na bibi alianza kubadilika, tukampima mara moja kipimo kikasema hana, tukamwacha akae na wenzake, na haikutakiwa tumwache. Tumeshabadilisha hili na hili. Neno "tumeshabadilisha" lakini liwe la kweli siku hiyo mnayokaa, vinginevyo msilitamke. Alafu mwambie kile ambacho hakuna faili linacho, kwamba ulikua unamchana nywele, na alikua anasema nini ukimchana. Hicho ndo atakachoondoka nacho.

Wenzako wanaonong'ona, waite mezani siku ya mafunzo, waonyeshe zile namba za 50 mpaka 70. Watanyamaza wenyewe wakihesabu ni mara ngapi na wao wameandika hasi wakaendelea.

Usingizi ukigoma wiki nyingine, nenda ukaonane na mtu wa ushauri nasaha, usijitibu kwa zamu za ziada, nawajua manesi.

Na Babu je? Umenieleza mpaka homa 38.9 ukaacha hapo. Amepona? Amebaki bibi mmoja wa kucheza naye karata, ana mtu wa kukaa kile kiti cha tatu jioni? Niandikie.